Kitufe kijani ila pampu imelala: angalia rangi umeifunga kwenye tagi ipi

Mkuu umeuliza kwa nini kitufe cha pampu kwenye skrini ya kuendeshea mashine (HMI) kinageuka kijani wakati mota haizunguki, na kile kiboksi cha joto kinaandika 13824. Yote mawili yalinikuta hapa Kigoma, kwenye kiwanda cha mawese nilichokuwa nafanya.

La kijani kwanza maana ndo lenye hatari. Bila shaka umefunga kitufe na rangi yake kwenye tagi moja (jina la sehemu ya kumbukumbu ndani ya PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine), yani biti, ile 0 au 1, unayoiandika ukibonyeza ndo hiyo hiyo inayobadilisha rangi, sasa hapo skrini haikwambii pampu imewaka, inakwambia umebonyeza tu. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Usiku mmoja ovalodi (kile kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa) ikatripu, mota ikasimama, mzee wa zamu kila akitupa jicho anaona kijani, akajua mawese yanaenda tenkini. Alfajiri napigiwa simu, nafika nagusa mota, ya baridi kabisa, mawese yameganda ndani ya bomba kama samli, tukashinda tunachemsha maji na kumwagia bomba mpaka saa saba mchana. Yule mzee akaambiwa alilala. Hakulala, alikuwa anaamini nilichomwonyesha mimi, na hiyo iliniuma sana.

Kwa hiyo tenganisha, kitufe kipe tagi ya amri, rangi ipe tagi ya majibu. Majibu yachukue kwenye kontakti ndogo ya kontakta (swichi ya umeme inayowasha mota), ile 13-14, vuta waya mpaka inputi ya PLC (kapling inayounganisha mota na pampu ikikatika bado utaona kijani, ila ni afadhali mara mia). Ovalodi nayo ina 95-96 inayokata koili ya kontakta, lakini ina na 97-98 ambayo mafundi wengi tunaiacha tupu, ipeleke inputi nyingine ikuwashie nyekundu. Na amri usiifanye ile ya ukibonyeza 1 ukiachia 0, kebo ikichomoka kidole kikiwa bado pale hiyo 1 inabaki kwenye PLC, bora skrini iweke 1 tu halafu PLC yenyewe iifute ikishaisoma.

Hiyo 13824 wala sensa haijafa. Kama ni PLC ya Siemens S7-1200 na transmita (kifaa kinachogeuza joto kuwa mkondo wa umeme) ya 4-20 mA, 4 inasomeka 0 na 20 inasomeka 27648, sasa 13824 ni nusu kamili, transmita ikiwa ya 0 mpaka 150 hapo ni nyuzi 75. Umefunga kiboksi kwenye namba ghafi. Igeuze kuwa nyuzi ndani ya PLC, sio kwenye skrini, maana alamu na grafu nazo zitaitaka, na tagi ya upande wa HMI iwe Real (namba yenye desimali), ukiiacha Int (namba nzima) utaona namba za ajabu.

Ukimaliza, pampu ikiwa inazunguka bonyeza kitufe cha testi pale kwenye ovalodi, opereta wako awe amesimama mbele ya skrini akuambie ameona nini. Akisema bado kijani, tupia hapa picha ya listi ya tagi zako tuiangalie.