Kompyuta ya nyumbani inakokota: maswali yenu na majibu

Kilio ni kimoja katika barua nyingi nilizopokea: kompyuta iliyokuwa ikikimbia sasa inatambaa. Nimechagua barua chache zinazowakilisha nyingine. Kabla ya kuzijibu, nitoe neno moja. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, haichoki kama anavyochoka mtu. Ile iliyopiga hesabu kwa kasi fulani mwaka 2014 inaweza kuzipiga leo kwa kasi ileile. Kinachobadilika ni mzigo inaobebeshwa, pamoja na vipande vichache vinavyochakaa au kuchafuka: diski, feni, betri. Kwa hiyo mtu akiniambia kompyuta yake "imezeeka", namwona kama mganga anayetaja ugonjwa kabla hajamgusa mgonjwa.

Kompyuta yetu ya mezani ina miaka tisa. Nikiiwasha naenda kuoga, nikirudi bado haijatulia, na ile taa ndogo ya diski haizimi. Nyumbani wote wanasema itupwe. Wewe wasemaje, fundi?

Msiitupe. Kwa kuitaja taa isiyozima umenipa nusu ya jibu.

Tuipime kwanza. Ikishawaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Likiwa dogo, bofya neno la kupanua chini yake. Tazama safu tatu: CPU (prosesa), Memory (kumbukumbu) na Disk (diski). Kaa nazo dakika tano bila kufungua kitu kingine. Nabashiri kwamba CPU itakuwa chini, na Disk itakuwa 100%. Cha ajabu ni kwamba chini ya hiyo 100% utakuta data inayopita ni megabaiti moja au mbili tu kwa sekunde. Wengi huona tarakimu hiyo ndogo wakadhani Task Manager imekosea. Haijakosea.

Diski ya kawaida (hard disk) ni sahani inayozunguka, mara 7200 kwa dakika katika nyingi za mezani na mara 5400 katika nyingi za mapajani, huku kichwa cha kusomea kikihama huku na huko juu yake. Ikisoma faili moja ndefu lililonyooka, inatoa megabaiti mia na zaidi kwa sekunde bila taabu. Lakini Windows inapoamka haisomi faili moja refu. Inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kwa kila kipande kichwa lazima kihame, kisha kingoje sahani izunguke hadi mahali panapotakiwa. Kazi ya namna hiyo inairuhusu diski kuitikia maombi kama 100 tu kwa sekunde. SSD, diski ya chipu ambayo haina sahani wala kichwa, inaitikia makumi ya maelfu. Prosesa yako ya miaka tisa imekaa tu inasubiri sahani izunguke.

Kwa hiyo, kama una fedha ya kifaa kimoja tu, nunua SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya gigabaiti 240 au zaidi. Hata kompyuta yenye SATA ya kizazi cha pili, ambayo haitafikia kasi iliyoandikwa kwenye boksi, itafaidika, kwa sababu tatizo lako ni kungoja na SSD haingojeshi. Ni ya kipimo cha inchi 2.5, na kasha la mezani limetengenezwa kwa diski ya inchi 3.5, hivyo itaning'inia kidogo. Ukiikamata kwa skrubu mbili upande mmoja inatosha. Haina kinachozunguka, kwa hiyo haitetemeki.

Kuna njia mbili za kuhamia. Unaweza kunakili diski nzima, kila kitu kibaki kama kilivyo, au ukaweka mfumo upya kwenye SSD na kuhamisha picha na nyaraka peke yake. Mimi hupendelea ya pili. Ukinakili diski ya miaka tisa, unanakili na takataka za miaka tisa. Diski ya zamani usiitupe, ichomeke kwenye waya wa pili wa SATA iwe ghala la picha.

Kama fedha haipo kwa sasa, kuna nafuu ndogo mbili. Kwenye Task Manager hiyohiyo ingia ukurasa wa Startup, uzime kila programu ambayo huihitaji sekunde ileile unapowasha kompyuta. Programu za gumzo, za michezo na za printa ndizo hujipenyeza zaidi. Kuzima hapo hakufuti programu, kunaizuia tu kuamka kabla hujaiita. Pili, angalia nafasi iliyobaki kwenye diski. Ikishuka chini ya sehemu moja ya kumi, mfumo unaweza kukosa pa kuweka mafaili yake ya muda na kila kitu kikaanza kusuasua.

Nina RAM ya gigabaiti 4. Rafiki ananiambia nifikishe 8, mwingine anasema SSD. Nani mkweli? Kivinjari changu huwa na kurasa kama 30 zilizofunguliwa.

Kwa kurasa 30, rafiki wa RAM (ndiyo ile Memory ya Task Manager) ana hoja. Vivinjari vya leo huweka kurasa katika michakato inayotengana, ili mmoja ukianguka usiwaangushe wenzake. Gharama ya usalama huo ni kumbukumbu. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya mambo yake kwenye diski, kisha huyarudisha unapoyahitaji. Ndiyo maana ukigusa ukurasa uliouacha asubuhi unakaa kama umekufa ganzi.

Jipime: fungua kazi zako za kawaida, kisha tazama Memory. Ikiwa juu ya 85% muda wote, ongeza RAM. Ikiwa 60% na Disk ndiyo inayolia, nunua SSD. Zote mbili zikiwa juu, ningeanza na SSD, kwani hata huko kuhamahama kutakuwa kwepesi wakati unajipanga kununua RAM.

Mtego upo dukani. DDR3 na DDR4 ni vizazi viwili vya RAM: DDR3 haiingii kwenye nafasi ya DDR4, wala DDR4 kwenye ya DDR3, kwa sababu mkato wa chini umewekwa mahali tofauti. Usilazimishe. Kompyuta za mapajani zinatumia vijiti vifupi. Tena baadhi yake zinataka DDR3L ya volti 1.35, na ukiipa DDR3 ya volti 1.5 huenda isiwake kabisa. Toa kijiti kilichomo, piga picha lebo yake, nenda nayo dukani. Na kabla ya hayo yote, angalia kama Windows yako ni ya biti 32. Kama ndiyo, haitaiona zaidi ya gigabaiti 4 hata ukiijazia 16.

Naizima kila usiku, lakini Task Manager inaniambia imekuwa macho siku 23. Ina mzimu?

Haina. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida si kuzima kamili. Kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski kikiwa kama kilivyo ili kesho kiamke upesi. Ila kikiwa na kasoro, kinaamka nayo. Chagua Restart badala ya Shut down angalau mara moja kwa wiki, maana Restart huanza upya kweli. Au shikilia Shift unapobofya Shut down. Na hesabu ya siku itarudi sifuri, uwe na amani.

Nimepakua programu inayoahidi kusafisha na kuharakisha kompyuta. Imekuta "makosa 1,843" na inataka nilipe ndipo iyaondoe. Nilipe?

Hapana. Kikulacho ki nguoni mwako: sasa hiyo nayo ni mzigo mmoja zaidi unaoamka kila ukiwasha kompyuta. Mengi ya hayo "makosa" ni maingizo ya rejista (daftari la mipangilio la Windows) yaliyoachwa na programu ulizokwisha kufuta. Kuyaondoa hakuongezi kasi unayoweza kuihisi, na likiondolewa lisilostahili, mfumo unaweza kukataa kuwaka. Microsoft yenyewe haiungi mkono matumizi ya visafishaji vya rejista. Kufuta mafaili ya muda kunafanyika ndani ya mipangilio ya Windows, sehemu ya hifadhi, bure.

Wakati unaiondoa, hesabu una programu ngapi za kuzuia virusi. Nimewahi kukuta tatu kwenye kompyuta moja, kila moja ikikagua faili lilelile kwa zamu. Bakiza moja. Windows 10 na 11 zina Defender ndani, na kwa mtu wa nyumbani inatosha.

Shikamoo fundi. Kompyuta ya mapajani niliyorithi kwa kaka inakwenda vizuri nusu saa ya kwanza, halafu feni inavuma kama mashine ya kusaga na kila kitu kinaganda. Nikiipumzisha inapona. Ni virusi?

Marahaba. Virusi havipumziki, mwanangu. Hilo ni joto.

Prosesa ikikaribia nyuzi 95 au 100 za Selsiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hiyo ndiyo kinga yake, lakini wewe unaiona kama uvivu. Kinachoileta huko mara nyingi ni vumbi lililojikusanya kati ya feni na mapezi ya shaba au alumini yanayotoa joto nje. Ukifungua unakuta kitu kama kipande cha blanketi. Na mimi nakiri: miaka ya mwanzo niliwahi kuweka Windows upya mara mbili kwenye kompyuta ya namna hiyo, siku mbili nzima, kabla ya kugeuza mashine na kuona tundu la hewa limezibika kabisa. Tangu siku hiyo natazama tundu la hewa kabla ya kugusa kibodi.

Zima, chomoa chaja, toa betri kama inatoka. Fungua kifuniko cha chini. Zuia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke, kisha puliza kwa kopo la hewa kutoka upande wa mapezi. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi, kwani inaweza kuzalisha umeme tuli karibu na saketi. Feni ikishakuwa safi na joto bado linapanda, uji wa kijivu unaopakwa kati ya prosesa na bati la kupoozea utakuwa umekauka. Huo hufutwa kwa spiriti na kupakwa mwingine, kiasi cha punje ya mchele.

Na acha kuiweka juu ya godoro. Tundu la hewa liko chini.

Diski yangu inatoa sauti ya tk-tk-tk, faili likifunguliwa linachukua dakika nzima. Niifanyie defragi?

Usifanye! Defragi, yaani kupanga upya vipande vya mafaili vilivyotawanyika, inailazimisha diski kusoma na kuandika kila kona, na hiyo yako inaonekana inakata roho. Usijaribu pia kuiwasha na kuizima ili kuona kama leo iko vizuri. Iwashe mara moja, nakili vitu usivyoweza kuvipata tena, picha na nyaraka kwanza, programu achana nazo, kisha zima. Baada ya hapo ndipo usome taarifa za SMART (rekodi za afya ambazo diski hujiwekea) kwa programu kama CrystalDiskInfo. Ukikuta sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa, na idadi inaongezeka kila ukitazama, diski hiyo usiiamini hata kwa filamu. Kama vilivyomo ni vya thamani kubwa na tayari haisomeki, mpelekee mtu wa kuokoa data ikiwa imezimwa. Kila dakika ya majaribio nyumbani inampunguzia uwezekano.

(Kwa wenye SSD wanaouliza kuhusu defragi: haiwahusu. Windows inajua ni SSD na inaishughulikia kwa njia nyingine.)

Windows 10 imefikia mwisho na mashine yangu inaikataa Windows 11. Sasa?

Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haizimiki kwa hilo, ila matundu mapya ya usalama hayazibwi. Microsoft iliwapa watu binafsi mwaka mmoja wa nyongeza kwa wanaojiandikisha. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo kwenye orodha yake, ndiyo maana kompyuta nyingi za kabla ya 2017 zinaachwa nje hata zikiwa na nguvu za kutosha. Kuna hila za kuilazimisha. Sizipendekezi kwa mtu asiye fundi, maana siku sasisho litakapogoma utabaki peke yako.

Kama kazi zako ni barua pepe, video na kuandika, jaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, toleo lake jepesi la Xfce. Inaishi na RAM ya gigabaiti 2, ingawa kwa gigabaiti 4 ndipo inapopumua. Iandike kwenye flashi, uiwashe kutoka hapo bila kugusa diski, ujaribu sauti, Wi-Fi na printa. Vikikubali, ndipo uamue. Lakini kama kuna programu moja ya Windows huwezi kuishi bila yake, hakikisha kwanza kama ina toleo la Linux.

Kila nikiiwasha saa inarudi miaka mingi nyuma, na tovuti zinakataa kufunguka zikidai si salama. Ni intaneti mbovu?

Ni betri ya sarafu, CR2032, iliyo kwenye bodi kuu. Imekwisha. Tovuti huonyesha vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayodhani iko 2012 huviona kama havijaanza kutumika. Zima, chomoa waya wa umeme, sukuma kibanio pembeni, weka mpya upande wenye alama ya jumlisha ukitazama juu. Kisha rekebisha tarehe.