Wadogo zangu mnaoanza kushona midoli, anzeni na shingo

Napata meseji nyingi za wasichana, siku hizi mpaka vijana wa kiume, wananiuliza dada nianzie wapi, ninunue cherehani gani. Jamani cherehani acheni kwanza. Mimi miaka miwili ya mwanzo nilishona yote kwa mkono, sikufundishwa na mtu, nilikuwa nanunua mdoli mbovu wa mtumba nafumua mshono mmoja mmoja naangalia ndani kukoje halafu nachora pateni yangu kwenye gazeti. Mkono unakufundisha kitambaa kinavyovutika, cherehani itakukimbiza kabla hujaelewa.

Kosa ninaloliona kwa wengi ni kukimbilia nguo. Mtu anaenda Kariakoo anakusanya vitenge vizuri, shanga, lesi, anamvalisha mdoli wake anapendeza, piga picha, halafu ukimshika kichwa kinalala begani. Mtoto hachezi na picha, anambeba, anamvuta mkono, analala naye. Kwa hiyo mwili kwanza.

Mwili mimi natumia marikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, au popolini ya kahawia kama nataka rangi iliyokolea. Marikani iloweke, ikauke, piga pasi ndo ukate, maana inasinyaa. Rangi nyepesi ya ngozi naipata kwa kuchemsha kitambaa na majani mengi ya chai na chumvi kidogo, ila chemsha kitambaa cha mdoli mzima pamoja, ukirudia kesho rangi haitafanana. Na angalia unavyokata, miguu yote miwili ielekee upande mmoja wa kitambaa, maana kitambaa kwa upana kinavutika zaidi kuliko kwa urefu, ukichanganya halafu ukashindilia, mguu mmoja unarefuka kuliko mwenzake na hapo hakuna dawa zaidi ya kufumua.

Ndani naweka sufi, ile inayotoka kwenye mti wa msufi, ndo waliyokuwa wanajazia mito na magodoro zamani. Chambua mbegu zote, zile mbegu zina mafuta, zikipondeka ndani zinatoa doa siku moja ukiwa umeshauza. Anika juani, funga kitambaa puani wakati wa kuchambua maana vumbi lake linakaba. Na mwambie mteja ukweli, mdoli wa sufi haloweki kwenye beseni, anafutwa na kitambaa chenye maji kidogo basi. Anayetaka wa kufua mtengenezee wa pamba ya kiwandani, ile nyeupe ya kwenye mito ya dukani.

Sasa shingo, hapa ndo nataka mkae. Shingo ikikatwa nyembamba sufi haipiti, inakwama kichwani na kifuani, katikati panabaki patupu, na pale patupu ndo kichwa kinapokunjikia. Mimi nakata kichwa na kiwiliwili kipande kimoja, shingo naiacha nene kuliko ninavyotaka ionekane, naacha tundu mgongoni la kujazia, naanza na kichwa mpaka kigumu kama ndimu, halafu nachukua utepe wa kitambaa nauviringisha ukaze kama kidole, naupitisha nusu uzame kichwani nusu ushuke kifuani, ndo nazungushia sufi kidogo kidogo kwa kijiti cha mshikaki nilichokata ile ncha. Kidogo kidogo jamani, ukisukuma bonge moja linakaa kama jiwe na pembeni panabaki mashimo. Usiache kijiti ndani, mtoto atakivunja kitokee nje. Shingo yako ijaribu hivi, mshike mdoli kiunoni umtikise, kichwa kikicheza rudi ukafumue hata kama ni saa sita usiku.

Mwaka jana mama mmoja aliniletea mdoli nilomuuzia kitambo, nywele zote zimeng'olewa, gauni halipo, uso umefutika kwa kubusiwa, shingo iko wima vilevile. Nilifurahi kuliko siku niliyomuuza, nikamshonea nywele mpya za uzi wa kufumia bure.

Uso nadarizi mwisho, baada ya kujaza, kwa sababu kitambaa kikijaa macho yanahama. Vifungo vya macho vinapendeza ila kwa mtoto mdogo usithubutu, atakinyofoa akimeze.

Wengine mnataka kutengeneza vitu vya asili. Mimi ni Mzaramo, kwetu kuna mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti hakina mikono wala miguu, kichwa kimechongwa mafungu mawili ya nywele. Mwali akiwekwa ndani alikuwa anapewa akilee kama mtoto, anakipaka mafuta. Nilipotaka kushona cha kitambaa nilienda kwanza kukaa na bibi zangu, wakaniambia mengine ya ndani na mengine wakanyamaza, nikaheshimu. Kwa hiyo ukichukua kitu cha kwenu au cha kabila lingine kaulize, na umwambie mnunuzi hiki nimekitengeneza mimi mwaka huu. Kukifukiza moshi ili kionekane cha kale ni wizi.

Kwenye hela nitasema machache. Vipande vya vitenge mafundi nguo watakupa bure au kwa bei ndogo, usidanganyike ukafikiri mdoli umetoka bure, hesabu siku ulizokaa. Nilikuwa nauza elfu tano mdoli wa siku mbili, nauli ya kupeleka tu inakula nusu. Na mali kauli iogopeni. Kuna duka la watalii lilichukua midoli yangu 20 kwa maneno matupu, nikawa naenda naambiwa bosi hayupo, mwisho nikakuta fremu imefungwa. Siku hizi natoa mitano, wanasaini kwenye daftari langu idadi, bei na tarehe ya kulipa, na sitoi mingine mpaka ya kwanza ilipwe, hata kama msimu wa wageni ndo umefika na wanapiga simu kila siku.