Cheni ya Baiskeli ya Mlimani: Kuchakaa Mbali, Kukatika Mbali

SWALI: Fundi, cheni yangu ya gia 12 imekatika kwenye mwinuko, na ina miezi minne tu. Nilipoinunua ilikuwa ndefu, nikaipunguza kwa kusukuma pini nje, kisha nikairudisha pini ileile. Nimeipima, haijarefuka. Je, niliuziwa cheni mbovu?

Chukua cheni hiyo, utazame kibamba cha nje, kile kipande bapa cha ubavuni, pale ilipoachia. Ukikuta tundu la pini limepanuka upande mmoja na kibamba kimejikunja kwenda nje, hujauziwa cheni mbovu. Kilichoachia ni kile kiungo ulichokifunga wewe.

Ncha za pini za kiwandani hupondwa zikatanuka kidogo, na mtanuko huo ndio unaoshika kibamba cha nje. Ukiisukuma pini itoke, ncha hiyo inapita kwa nguvu kwenye tundu na kulikwangua. Ukiirudisha, kwa macho itaonekana imekaa sawa, kumbe haina tena kitu cha kuishika. Cheni nene za zamani zilivumilia kazi hiyo. Ya gia 12 ina upana wa milimita 5 na kidogo tu, na ncha ya pini haichomozi kabisa nje ya kibamba.

Sasa fikiria mzigo wenyewe. Mtu wa kilo 75 akisimama juu ya pedeli yenye mkono wa milimita 175, na spoketi ya mbele ina meno 32, cheni huvutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 200. Cheni nzima ikivutwa moja kwa moja hubeba mzigo huo bila shida, tena mara kadhaa. Isichokipenda ni kupindwa ubavu wakati imebeba mzigo, na hilo ndilo hutokea ukibadilisha gia katikati ya mwinuko huku umekanyaga kwa nguvu zote: upande mmoja wa cheni umeshapanda spoketi mpya, mwingine bado uko kwenye ya zamani, na kibamba kinabanduliwa kutoka kwenye pini. Badilisha gia kabla mlima haujakukaba. Ukichelewa, legeza mguu kwa nusu mzunguko, bonyeza, halafu ukanyage tena.

Cheni mpya ifunge kwa loki, ile pingili ya vipande viwili, iliyotengenezwa kwa idadi ya gia zako. Loki ya gia 11 usiitie kwenye cheni ya gia 12. Ukishaiunganisha kwa mkono, zungusha pedeli kinyumenyume mpaka loki iwe upande wa juu, shika breki ya nyuma, kisha kanyaga pedeli kwa nguvu mpaka isikike "tak". Loki isiyolia hivyo haijafunga. Nyingi za gia 11 na 12 ni za kufungwa mara moja tu. Ukiifungua, weka mpya.

Na urefu? Pitisha cheni kwenye spoketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kibadilisha gia, kisha ongeza pingili mbili, ya ndani moja na ya nje moja. Baiskeli yenye shokapu ya nyuma, toa upepo wa shokapu na uikandamize hadi mwisho kabla ya kupima, maana gurudumu linaposhuka na kupanda huwa linavuta cheni. Wengi husahau hapa, na cheni fupi hung'oa hata kibadilisha gia.

SWALI: Cheni nzuri inapaswa kudumu kilomita ngapi?

Kwenye njia kavu na ikitunzwa, kilomita 1,500 hadi 3,000. Kwenye tope na mchanga inaweza isifike 1,000. Kwa hiyo usihesabu kilomita, pima.

Cheni "hurefuka" ingawa vibamba havinyooki. Pini na shingo ya kibamba cha ndani, pale pini inapopita, ndizo zinazolika, kila kiungo kikapata nafasi ndogo, na nafasi hizo zikajumlishwa. Weka rula ya chuma kwenye cheni iliyovutwa, anzia katikati ya pini moja, hesabu pingili 24. Mpya ina milimita 304.8. Ya gia 11 au 12 ibadilishe ikifika 306.3, yaani asilimia 0.5. Ya gia 8 hadi 10 inaweza kungoja mpaka 307.1, asilimia 0.75. Tofauti hizi ni ndogo sana kwa jicho, kwa hiyo kipimo maalumu cha cheni ni bora kuliko rula.

Ukichelewa, cheni hupanda juu ya meno na kuyala. Baadaye utafunga cheni mpya, nayo itaruka meno kila ukikanyaga, na hapo utanunua na spoketi za nyuma.

SWALI: Niliiloweka cheni kwenye dawa ya kuondoa kutu usiku kucha. Imetoka inang'aa. Niirudishe?

Hapana, usiirudishe. Dawa za asidi, na zile kali za magadi, huingia kwenye chuma kigumu cha cheni na kukifanya kipasuke bila dalili. Osha kwa mafuta ya taa au kisafishio cha cheni, suuza, kausha kabisa. Kisha tone moja la mafuta juu ya kila rola, kile kigurudumu kidogo kilicho kati ya vibamba, upande wa ndani wa cheni. Anzia kwenye loki, ndipo utajua umezunguka yote. Zungusha pedeli, subiri dakika 5, halafu futa nje mpaka kitambaa kitoke karibu safi. Mafuta yaliyobaki nje hayalainishi chochote, yanakamata mchanga tu, na mchanga na mafuta vikichanganyika ni msasa.

SWALI: Ikikatika porini, nifanyeje?

Beba kifaa cha kutolea pini na loki moja. Kama kimeharibika kibamba cha nje peke yake, toa pingili hiyo ya nje, weka loki mahali pake, urefu haubadiliki. Ikiwa ya ndani nayo imepinda, itoe pamoja na zile za nje mbili zilizo ubavuni mwake, kisha funga kwa loki. Cheni itakuwa fupi kwa pingili mbili, kwa hiyo usiweke spoketi kubwa ya nyuma mpaka ufike na kufunga cheni yenye urefu kamili.