Tandiko la Reli za Treni ya Mfano

Umeuliza kwa nini treni yako ya mfano ya kipimo cha 1:87 (ndogo mara 87 kuliko treni halisi) inanguruma na kuacha reli kwenye maungio, nawe umezipigilia reli moja kwa moja juu ya plaiwudi. Ubao mtupu huvuma kama ngoma, kwa hiyo tandika kwanza utepe wa kizibo, gamba lile la kuzibia chupa, wenye unene wa milimita 5, ukiugandisha kwa gundi ya mbao na kuukandamiza usiku kucha. Maungio yake yasikutane na ya reli. Kisha, kabla ya kurudisha reli juu yake, piga utepe huo msasa na upitishe kidole kila mahali, kwani kigongo kisichoonekana kwa macho, kidole hukihisi, na gurudumu halikisamehi. Kokoto za kujaza kati ya reli, tafadhali, zimwage mwisho, treni ikishapita salama mara nyingi.