Kidonge kimezwe kabla ya gari na bembea, si baada ya kutapika

Kaka, hicho kidonge cha kuzuia kutapika safarini usikiweke mfukoni.

Umeandika kwamba Jumamosi unatoka Mpwapwa na familia kuja Dodoma mjini, watoto wapande bembea na kile kitreni. Kijana wa miaka 6 hutapika kila akipanda gari, na kuna mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu. Umeuliza kiingilio, pa kula, saa nzuri ya kufika kabla jua halijawa kali, halafu ukamalizia: "vidonge ninavyo, akianza kulalamika nampa." Nilipofika hapo sikuweza kuendelea kusoma.

Akianza kulalamika umeshachelewa. Kichefuchefu cha gari na cha bembea ni kitu kimoja. Ndani ya sikio kuna mirija midogo yenye majimaji inayoujulisha ubongo mwili unavyozunguka na kuinama. Mtoto akiwa garini ameinamia simu, macho yanasema tumetulia, sikio linasema tunakwenda, na ubongo haujui umsikilize nani. Kwenye bembea ya kuzunguka ni hivyohivyo, ila kwa kasi zaidi. Sasa jambo ambalo mimi hakuna aliyeniambia ni kwamba roho ikishachafuka, tumbo linasimama. Halisukumi tena kitu kwenda kwenye utumbo, na kidonge hufanya kazi kikifika huko. Kwa hiyo unachompa saa hiyo ama kitatoka na matapishi, ama kitakaa tumboni kikisubiri. Hicho kilichosubiri ndicho kilichotupeleka hospitali.

Ilikuwa Sikukuu ya Idi, uwanja wa michezo ya watoto hapa mjini, jina naliacha. Binti yangu alikuwa na miaka 7. Jioni ya kuamkia sikukuu nilikwenda duka la dawa mtaani nikaeleza kila kitu: umri wa mtoto, gari linavyomsumbua, na kwamba kesho anakwenda kwenye bembea. Yule bwana hakuuliza uzito. Hakuuliza kama anatumia dawa nyingine. Alikata vidonge vya promethazini, dawa ya kuzuia kichefuchefu, kwa mkasi kutoka kwenye karatasi yake, akavitia kwenye kibahasha ambacho hakikuandikwa hata herufi moja, akasema, "Akianza kuchafukwa mpe kimoja. Akikitapika mrudishie kingine." Nilimwamini kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa nyuma ya kaunta.

Asubuhi kitreni hakikumsumbua, puto la kurukia halikumsumbua. Ni vile vikombe. Kikombe kinazunguka, na sahani kubwa iliyo chini inazunguka nayo. Aliposhuka alikuwa kimya, na yule mtoto hanyamazi hata akila. Midomo imepauka, jasho la baridi limetokeza juu ya mdomo, anameza mate mfululizo. Kijana aliyekuwa anaendesha vikombe akatuambia tumrudishe azungushwe upande wa pili, eti inafutika. Baba yake akakubali. Kuzungushwa upande wa pili ni kuzungushwa tena, hakuna kinachofutika! Alitapika kabla mashine haijasimama, chapati na soda vyote juu ya gauni la sikukuu.

Hapo ndipo nikatoa kibahasha. Nikampa kidonge na maji. Baada ya muda mfupi akatapika tena. Tukakaa mimi na wifi tunachungulia yale matapishi kama kidonge kimo, hatukukiona, wala hatukuwa na hakika. Wifi akasema, "Si umeambiwa umrudishie?" Nikampa kingine.

Akalala. Tukafurahi kwamba amepumzika, tukambeba mpaka nyumbani. Magharibi namwamsha anywe uji, haamki. Namwita, namtikisa, anafumbua macho nusu halafu yanarudi. Alipoamka kweli ilikuwa afadhali angelala: mboni zimepanuka, ulimi umekauka umekuwa mweupe, anaongea maneno yasiyoeleweka huku vidole vyake vinaokota kitu hewani, polepole, kimoja kimoja, kama anayechambua mchele. Hakuna kitu pale. Nilimshika mkono, akautoa, akaendelea kuokota.

Tulilala wodini. Daktari wa zamu alinieleza kwa utulivu kabisa: kidonge cha kwanza huenda hakikutoka, kilikuwa kimekwama tumboni. Mtoto alipotulia, tumbo likaanza kazi, vyote viwili vikaingia mwilini pamoja. Dawa hii huleta usingizi mzito, na ikizidi kwa mtoto inaweza kumtia wenge na kumfanya aone vitu visivyokuwepo. Asubuhi binti akaamka akaomba chai. Namshukuru Mungu. Lakini ule usiku nimeubeba mpaka leo, na yule bwana wa duka namtaja kila ninapokutana na mzazi mwenye kibahasha kisichoandikwa. Angeniuliza maswali mawili tu. Angesema neno moja, "kabla". Biashara ya dawa unaifanyaje kama neno hilo hulijui? Na watu wa bembea nao, kazi yao ni kufunga mkanda na kusimamisha mashine mtoto akipiga kelele, matibabu wawaachie wenyewe.

Kwa hiyo kaka, shika hili hata kama mengine yote utayasahau: dawa inatangulia. Promethazini ni saa moja mpaka mbili kabla. Kama watakupa sinarizini, dawa nyingine ya kichefuchefu cha safari, hiyo ni saa mbili kabla, na si ya watoto walio chini ya miaka 5. Na "kabla" yako wewe si kabla ya bembea, ni kabla ya gari, kwa sababu kijana wako ataanza kuchafuka huko njiani Kongwa, afike mjini tumbo limeshasimama, ndipo umpandishe kwenye vikombe! Mkiondoka Mpwapwa saa 1 asubuhi, basi saa 11 alfajiri umwamshe ameze, arudi kulala. Ikishaingia inashika kwa saa nyingi, itafika nayo mjini. Ukisahau kumpa kwa wakati, usimpe njiani. Na akishatapika, usimrudishie kingine hata nani akuambie. Mpe maji kidogokidogo, mkalishe kivulini, bembea kwake imeisha siku hiyo.

Huyo wa mwaka mmoja na nusu asiguse promethazini kabisa. Chini ya miaka 2 haipewi, inaweza kuzuia pumzi. Na kwa umri huo hana shida hiyo sana, kichefuchefu cha safari kinawashika zaidi kuanzia miaka 2 mpaka kama 12. Nasema hivi kwa sababu najua ilivyo: mkubwa amepewa, mdogo analia, mtu anamega nusu.

Garini mnyang'anye simu. Akae nyuma katikati amefunga mkanda, aone barabara ya mbele, kioo kifunguliwe hewa iingie. Chai nyepesi na mkate mkavu vinatosha, asipakiwe chipsi na soda mkisimama Mbande. Kuna watu tangawizi inawasaidia na haina usingizi, mimi sina ugomvi nayo. Mkifika mjini msimpandishe kitu. Mkae kwanza kwenye kivuli, aruke kwenye puto, achezee mchanga, mpaka rangi ya uso irudi. Kitreni kinachokwenda mbele kwa kawaida kina nafuu. Vikombe, na kile chochote kinachozunguka huku kikiinuka na kushuka, waache watoto wengine wakubwa wapande, yeye ashike kofia.

Halafu mwangalie mdomo. Mara nyingi mtoto hasemi "nasikia kichefuchefu", hajui kusema. Anapiga miayo mchana kweupe, anameza mate, ananyamaza. Ukiona hivyo mashine isimamishwe, hela ya tiketi iende. Wewe usimame pale chini ukimtazama usoni, usiende kununua maji akiwa juu.

Vidonge ulivyonavyo nyumbani hukusema ni dawa gani wala vimekaa tangu lini. Viache. Nenda kesho famasi yenye mfamasia, si Jumamosi alfajiri, mchukue na kijana apimwe uzito palepale. Taja kila anachokunywa, hasa kama ana mafua siku hizi na mnampa Piritoni au dawa ya maji ya kifua, maana nyingi zina usingizi wake na zinajumlishana na hii. Uliza na ya kurudi jioni, arudie au asirudie, baada ya saa ngapi. Waandike kwenye bahasha: jina la dawa, kiasi, saa. Wakikuambia "akitapika mpe kingine", chukua hela yako utafute famasi nyingine.