Captopril haina sumu ya nyoka

Dada uliyeuliza kama captopril, kidonge cha presha alichoandikiwa mama, kina sumu ya nyoka: hakina kabisa. Aendelee kumeza kama daktari alivyomwambia. Hutengenezwa kiwandani kwa kemikali tu.

Ila uvumi huo una chanzo cha kweli. Jararaca ni nyoka wa Brazil mwenye vishimo vya kuhisi joto kati ya jicho na pua (Afrika hatuna jamii hiyo). Akimng'ata mtu, presha inaweza kushuka ghafla. Mwaka 1965 mwanasayansi wa Brazil, Sérgio Ferreira, alionyesha kuwa sumu yake ina kitu kinachoipa nguvu bradikinini, kemikali ya mwilini inayotanua mishipa. Akaipeleka sumu hiyo London kwenye maabara ya mtafiti wa dawa, John Vane. Baadaye wanakemia wa kampuni ya dawa ya Squibb wakatengeneza captopril, dawa inayofanya kazi ileile, ikaidhinishwa Marekani 1981.

Sumu ya utafiti hukamuliwa kwa mkono hadi leo: nyoka hushikwa nyuma ya kichwa, meno yanatoboa utando uliofunika mdomo wa glasi, matone ya manjano yanadondoka. Kisha hugandishwa na kukaushwa, unabaki unga. Hiyo ndiyo inayosafirishwa kwa watafiti, siyo nyoka mwenyewe.