PS2 ya Japani: soma kibandiko kabla ya kulipa

Mdogo wangu, umeuliza kama uichukue ile PS2 (mashine ya gemu, PlayStation 2) nene ya mtumba uliyoiona Kariakoo, ambayo muuzaji anasema imetoka Japani. Kwanza igeuze usome kibandiko cha nyuma. Namba ya modeli huanza na SCPH. Ikiishia na 0, kama SCPH-30000, ni ya Japani. 1 ni ya Marekani, 4 ni ya Ulaya. Ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, na soketi zetu zinatoa 230. Ukiichomeka hivi hivi, umeme unaiunguza. Yangu ya kwanza iliungua hivyo, na mpaka leo inaniuma. Lazima uwe na transfoma ya kushusha umeme. Tena haitasoma diski halisi za Ulaya wala Marekani, labda kama fundi alishaifunga chipu ya kuondoa kizuizi hicho.

Ukiona bado unaitaka, nenda na diski zako mwenyewe, za Japani kama haina chipu: moja ya DVD na moja ya PS1 (PlayStation ya kwanza), ambayo ni CD, ile yenye mgongo mweusi. Lenzi ikichoka inaweza kusoma aina moja na kukataa nyingine. Sikiliza kama inakwaruza. Usiridhike kuona gemu limefunguka tu. Cheza hata dakika 15, maana nyingine huanza vizuri kisha zikagoma mashine ikipata joto.

Pedi na memori kadi zisikuumize kichwa, zinapatikana. Mimi ningesubiri ya Ulaya, hata kama ni mwezi mzima.